Fomu ya Elysée

Mara ya tatu Libérate alipopanda ofisi ya mishahara kuomba apewe sehemu ya mshahara wake kabla ya mwisho wa mwezi, hakupewa. Khadeeja, mwanamke aliyeshika hesabu za wafanyakazi katika kile kiwanda cha maboksi kule Mobeni, hakumkaripia wala hakumpa pole ya uongo. Alimwonyesha kiti, akafunga mlango, akamwambia kwamba utaratibu wa kampuni ni mara mbili kwa mwaka, na yeye amekwisha kuzimaliza zote kabla ya mwezi wa saba.

"Ni dawa ya mtoto," Libérate akasema. "Haiko pesa ya viatu."

"Najua, dada. Ya kwanza ilikuwa dawa. Ya pili ilikuwa dawa." Kiswahili cha Khadeeja kilikuwa cha kurithi kwa bibi yake. Watu wake ni wale Waislamu wa Durban ambao wazee wao waliletwa zamani kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na lugha ilikuwa imebaki kwake na mapengo mapengo, ambayo aliyaziba kwa Kiingereza. "Unatoa kiasi gani mfukoni kila mwezi?"

"Bima inaisha nguvu mwezi wa tano. Kutoka hapo ni two thousand. Mwezi mubaya, three."

"Na kwenye kodi unadai?"

Libérate akacheka kidogo. "Wao ndio wananikata. Mimi nitawadai nini?"

Khadeeja akavua miwani akaiweka mezani. Akamuuliza anafanya nini ule ujumbe wa watu wa kodi unapoingia kwenye simu kila mwaka, ule unaosema hesabu yako tumekufanyia, bonyeza hapa ukikubali. Libérate akasema yeye hubonyeza hapo. Miaka tisa alikuwa akibonyeza hapo.

"Wewe na nusu ya kiwanda," Khadeeja akasema. "Sikiliza. Mwaka huu usibonyeze. Matumizi ya ugonjwa yanaweza kupunguza kodi yako. Kwa kawaida matumizi ya mtu kama wewe hayafiki kiwango chao, hupati kitu. Lakini iko fomu moja. Daktari akiijaza, unahesabiwa kwa njia nyingine, na karibu theluthi ya ulichotoa mfukoni inaweza kurudi. Shida ni kwamba fomu yenyewe ni ya ulemavu."

"Mtoto wangu si mlemavu. Ana selimundu."

"Mimi sijui damu, dada, najua hesabu. Daktari atasema. Mimi nakuonyesha tu pesa yako iliko."

Libérate alishuka na ile fomu, karatasi mbili zilizochapwa, akazikunja ndani ya mfuko wa ovaroli. Alirudi mahali pake mwisho wa mashine, akaendelea kukagua: boksi lililopinda lirudi, lililonyooka lipite. Alikuwa amekwenda kuomba pesa yake mwenyewe akanyimwa, na mtu mwingine angeona aibu. Yeye aliona hasira, lakini hasira ya kumchangamsha mtu. Miaka tisa! Kufika saa ya kutoka alikuwa amekwisha kuamua.

*

Walikaa Greyville, ghorofa ya nne, dirisha likitazama uwanja wa mbio za farasi. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi, na mwenye nyumba alikuwa ameacha hata kudanganya kwamba itatengenezwa. Walikuwa watatu tu: Libérate, mumewe Désiré aliyetengeneza simu kwenye kibanda kidogo barabara ya pili, na binti yao Elysée, wa miaka kumi na saba, aliyebakiza mwaka mmoja na nusu amalize shule.

Risiti za dawa zilikuwa ndani ya foronya. Libérate hakuwahi kutupa hata moja, ila hakuwahi kuzitazama pia. Jumamosi alizimwaga mezani, na Elysée akavuta kiti, akafungua kompyuta ya shule aanze kuziorodhesha kuanzia mwezi wa tatu wa mwaka uliopita, pale mwaka wa kodi unapoanzia. Haikuchukua muda akainua moja juu kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hii haiko facture. Hii ni karatasi nyeupe."

Wino ulikuwa umetoka. Zaidi ya nusu ya zile risiti zilikuwa zimefifia hivyo, zingine zikibakiza jina la duka bila bei, zingine bei bila tarehe.

"Andika zinazosomeka. Zingine nitazifuata," Libérate akasema.

"Utazifuata wapi?"

"Kwa waliozichapa."

Saa tano asubuhi hiyo hiyo alikuwa mbele ya kaunta ya duka la dawa. Kijana wa kaunta alimsikiliza akiwa anatazama mtu aliye nyuma yake. Akamwambia kuchapa upya mauzo ya mwaka mzima ni kazi ya siku isiyo na watu, arudi Jumanne asubuhi. Libérate akamwambia Jumanne asubuhi yeye yuko kiwandani. Kijana akainua mabega. Nyuma ya Libérate mwanamke mmoja akatoa pumzi kwa nguvu, mwingine akasema kwa Kizulu kwamba hawa wageni daima wana mambo marefu. Libérate alikielewa Kizulu hicho vizuri sana.

"Mimi sina haraka," akamwambia kijana. "Nitasimama hapa pembeni. Wewe hudumia watu. Ukimaliza, bado niko."

Akasimama karibu na mzani wa kupimia watoto. Alisimama saa moja na dakika arubaini. Watu waliingia na kutoka, na kila kijana alipoinua macho alimkuta yupo, mkoba mbele, uso mtulivu, kama mtu anayengoja basi analolijua litakuja. Mwishowe mkuu wa duka alitoka nyuma akauliza huyu mama anangoja nini. Alipoelezwa, akaingia mwenyewe kwenye kompyuta. Zilitoka kurasa tisa.

"Na muhuri, tafadhali," Libérate akasema. "Kila ukurasa."

*

Désiré hakuwa na neno na risiti. Neno lake lilikuwa na fomu.

Aliisoma Jumapili, baada ya kanisa, sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, ikiwa mbele yake. Aliisoma yote bila kugusa chakula, halafu akaigeuza uso chini kama vile kuna mtu angeiona.

"Mama Elysée, tumwandikishe mtoto kilema?"

"Turudishiwe pesa yetu."

"Hakuna kitu serikali inaandika halafu inafuta. Kesho anaomba kazi, wanafungua kompyuta: kilema. Anaomba kuolewa, watu wanajua: kilema. Na sisi tuko na karatasi za ukimbizi. Siku ya kuzibadilisha watasema hawa watu ni mzigo."

"Mzigo wa nani? Mwezi gani hawajanikata? Nitajie mmoja." Libérate alimwekea maji. "Khadeeja amenieleza. Fomu inakaa kwetu, wakiitaka tunawapa. Bosi haioni. Kanisa halioni."

Hapo kwenye kanisa ndipo shida yenyewe ilipokuwa. Kwa miaka yote hiyo, Elysée alipolazwa, Désiré alikuwa akiwaambia wachungaji ni malaria. Waumini walikuwa wamemwombea Elysée malaria mara kumi na moja, katika mji ambao hauna malaria.

"Niko hapa, papa," Elysée akasema kutoka upande wa pili wa meza. "Munanizungumzia kama friji ya kuuza."

"Haya, sema wewe. Uko kilema?"

"Niko sawa."

"Umesikia?" Désiré akamgeukia mkewe, uso umemfunguka. "Mtoto mwenyewe anasema yuko sawa."

"Basi docteur aseme hivyo hivyo, mambo yaishe," Libérate akasema. "Jumamosi tunaenda."

*

Daktari Ntombela alikuwa na chumba chake Queensburgh, kwenye nyumba ya zamani iliyogeuzwa kliniki, na alikuwa amemtibu Elysée tangu akiwa na miaka tisa. Mambo yote pale yalizungumzwa kwa Kiingereza. Aliisoma fomu kwa makini, akaweka kalamu juu yake bila kuandika.

"Nianze na jambo moja," akasema. "Selimundu peke yake haitoshi. Fomu hii haiulizi ugonjwa unaitwaje. Inauliza ugonjwa unamzuia mtu kufanya nini, na kama umemzuia zaidi ya mwaka. Kwa hiyo nitamuuliza Elysée, na nitaandika atakachosema na nitakachokiona. Sawa?"

"Sawa," Elysée akasema.

"Unaweza kutembea mita mia mbili bila kusimama?"

"Ndiyo."

"Kupanda ngazi?"

"Ndiyo."

"Kuinama ukavaa soksi na viatu mwenyewe?"

"Ndiyo, daktari. Kila siku."

Libérate aliketi pembeni akiona kurasa tisa zenye mihuri zikigeuka karatasi za kufungia karanga. "Lakini daktari, kuna siku ambazo..."

"Mama, namuuliza yeye."

Ndipo Libérate akafanya kitu ambacho baadaye hakupenda kukikumbuka. Akainama kwa binti yake akamwambia kwa Kiswahili, upesi upesi, "Sema inauma kidogo tu, asaini."

Elysée akageuka akamtazama. Daktari hakujua Kiswahili, lakini hakuwa mjinga. Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliochoma, "Mama, siwezi kuweka jina langu chini ya uongo. Hata nikiwa nawapenda."

Joto lilimpanda Libérate shingoni mpaka masikioni. Yeye, ambaye hakuwahi kupitisha boksi bovu hata siku msimamizi hayupo! Akaanza kukusanya mkoba wake.

"Si uongo," Elysée akasema.

Wote wawili wakamtazama. Alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili.

"Nilichokisema mimi, hicho ndicho uongo."

"Basi niambie," daktari akasema.

"Nikisema, mama atasikia."

"Unataka atoke?"

"Nitatoka ukitaka," Libérate akasema, na tayari alikuwa amesimama.

Msichana akafikiri. Simu ikalia mapokezi, mtu akaipokea. "Hapana. Kaa, mama. Lakini usilie. Ukilia, nitanyamaza."

"Sitalia."

Elysée akaanza, macho yake kwa daktari. Nyonga ya kushoto ilianza mwaka jana mwezi wa tano, wiki ile ya mitihani. Alidhani ni maumivu yale ya kila mara, yale yanayokuja na kuondoka, lakini haya hayakuondoka. Shuleni humwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni dakika kumi kabla ya kengele, apate kushuka peke yake, mkono kwenye ukuta, wenzake wasimwone. Maktaba iko juu, hajafika maktaba tangu mwaka jana. Vitabu huletewa na rafiki yake Cathy. Nyumbani hupanda ghorofa moja, akakaa kwenye ngazi. Ghorofa ya pili hukaa zaidi. Soksi huvaa akiwa amelala chali kitandani, na kiatu cha kushoto hafungui kamba, huingiza mguu kilivyo.

"Na vidonge vya maumivu?" daktari akauliza. "Nilikuandikia viwili."

"Nakata kimoja. Nameza nusu."

"Kwa nini nusu?"

"Boksi likikaa siku nyingi, mama haendi kuomba pesa kazini."

Libérate alikuwa ameahidi, na alitimiza. Alikaza taya mpaka meno yakauma, akatazama picha ya mifupa iliyobandikwa ukutani, akasoma majina yote ya mifupa, moja moja, kutoka kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu. Miezi kumi na tano. Mtoto alikuwa akilala chumba cha pili, wametenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na yeye, ambaye kazi yake ni kukagua, hakuona.

Daktari akamlaza Elysée kitandani, akaushika mguu wa kushoto akaugeuza taratibu kwa nje. Msichana hakupiga kelele, lakini mkono wake ulikamata shuka. Akapelekwa kupigwa picha ya eksirei chumba cha nyuma, na iliporudi daktari akaionyesha wote wawili kwenye skrini: kichwa cha mfupa wa paja upande wa kulia kilikuwa duara, upande wa kushoto kilikuwa kimebonyea. Akaeleza kwamba damu haikufika pale vizuri, mfupa umeanza kufa, kwamba hili lilitakiwa kujulikana mapema, lakini bado kuna la kufanya: magongo ya kutembelea, mazoezi ya maji, mtaalamu wa mifupa, na ngazi zipungue. Zipungue kabisa.

"Magongo," Elysée akarudia.

"Magongo. Si adhabu. Yanaubebea mfupa uzito."

Kisha akavuta fomu, akaijaza yote, mbele na nyuma, bila haraka. Alipofika kwenye ile sehemu ya tangu lini, akamuuliza Elysée tarehe tena, akaiandika.

Mapokezi walidai pesa ya kumwona daktari na ya picha. Libérate akalipa kwa kadi. Akasubiri mashine imalize, hakuondoka kaunta.

"Naomba risiti. Yenye muhuri."

*

Siku hiyo walipanda ngazi pamoja kwa mwendo wa Elysée. Libérate hakuwahi kujua kwamba nyumba yake iko mbali hivyo. Walipofika ghorofa ya pili, pale ngazi zinapokata kona na kuna upepo kidogo wa dirishani, Elysée akakaa bila kuomba ruhusa, na Libérate akakaa naye. Majirani wakawapita, wengine wakisalimu, wengine wakikunja miguu kuwaruka.

Désiré akawakuta hapo hapo, amefunga kibanda mapema, mfuko wa mkate mkononi.

"Munangoja nani?"

"Tunapumzika," Libérate akasema, akampa ile fomu.

Akaisoma akiwa amesimama, mguu mmoja ngazi ya juu. Aliisoma polepole zaidi kuliko ile Jumapili. Kisha akamtazama Elysée, akatazama mahali alipokaa, pale hasa, kwenye kona.

"Jana nilikupita hapa," akasema. "Juzi pia."

"Ndiyo, papa."

"Nilidhani unachezea simu."

"Nilikuwa nachezea. Mtu akikaa bila simu, watu wanauliza iko nini."

Désiré akaikunja fomu. Alikuwa mwanamume mwenye maneno, mtu wa kumuuzia mteja simu iliyopasuka kioo akaondoka anashukuru, lakini pale maneno yalimkimbia. Akaketi ngazi ya chini yao, mgongo kwao, mkate magotini, na mabega yake yakatikisika mara moja, mara mbili. Elysée akamwekea mkono begani. Mtoto wa jirani akaja na baiskeli yake begani, akawaomba wampishe.

"Tutahama," Désiré akasema, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Tutatafuta nyumba ya chini. Hata kama ni stoo."

Hakungoja wiki. Jumanne alikuwa amepata: vyumba viwili uani, nyuma ya duka la chipsi, barabara tatu kutoka pale, mlango unaofunguka moja kwa moja chini. Mwenye vyumba hivyo alitaka amana ya mwezi mzima ifikapo mwisho wa Oktoba, vinginevyo angempa mtu mwingine. Amana hiyo hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni kurasa tisa, taarifa za benki na fomu.

*

Khadeeja alimfungulia Libérate kompyuta yake wakati wa chakula cha mchana, wakajaza pamoja, huku Khadeeja akila samosa na Libérate hali kitu. Baada ya siku chache watu wa kodi wakataka uthibitisho; wakautuma. Kisha wakaandika kwamba kurasa fulani hazisomeki, aje na zile halisi, wakampa tarehe na saa.

Libérate alikwenda amevaa gauni lake la kitenge la harusi za watu. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wamekaa kwa mistari wakisogea kiti kimoja kimoja. Aliposogea mara ya tatu akakuta aliyekaa jirani yake ni Mama Yvette wa kanisani, mwenye saluni, aliyekuja kwa mambo ya biashara yake. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na Libérate akajua kwamba madirisha yale ya kaunta hayana siri. Kila aliyehudumiwa alisikika mpaka mstari wa tatu.

Jina lake likaitwa. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Umedai kwa njia ya ulemavu. Kuna mlemavu katika familia?"

Neno lenyewe lilitoka kwenye tundu la kioo likaenea ukumbini. Libérate alijua bila kugeuka kwamba Mama Yvette ameacha kutafuta kitu mkobani. Angeweza kuinama kwenye kioo akanong'ona. Angeweza kusukuma fomu tu chini ya kioo na kunyamaza.

"Yupo," akasema, kwa sauti yake ya kiwandani, ile inayopita mashine. "Ni binti yangu. Ana selimundu tangu kuzaliwa. Nyonga yake ya kushoto imeharibika, hawezi kupanda ngazi. Fomu ya daktari hii hapa. Picha ya mfupa hii hapa. Risiti hizi, na malipo ya benki yamewekwa alama ya kijani."

Karani akapokea. Akapekua, akalinganisha, akafikia ukurasa wa sita akasimamisha kalamu. "Vitamini hizi hazina karatasi ya daktari. Naziondoa. Na haya mafuta ya kuchua, uliyanunua mwenyewe tu?"

"Mwenyewe."

"Nayaondoa pia."

"Ondoa. Zilizobaki ni zangu."

Karani akainua macho akamtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Laiti wote wangekuja wamejipanga hivi," akasema, akaendelea kugonga muhuri.

Alipogeuka kuondoka, Mama Yvette alikuwa anamngoja, amesimama, zamu yake mwenyewe amemwachia mtu wa nyuma.

"Mama Elysée. Si mulikuwa munasema malaria?"

"Tulikuwa tunasema. Haikuwa malaria."

Libérate akangoja lile litakalofuata. Alikuwa tayari kwa huruma, alikuwa tayari kwa maombi, alikuwa tayari hata kwa umbea. Mama Yvette akatazama kulia na kushoto, akamshika kiwiko, akamvuta kando ya mlango.

"Mtoto wangu wa pili, Jeancy," akasema kwa sauti ya chini. "Ana kifafa. Hakuna anayejua. Vraiment, kweli kabisa, hakuna." Akamsogelea zaidi. "Hizo fomu, wanazitoa wapi?"

*

Ujumbe uliingia tarehe ishirini na tatu ya Oktoba, Libérate akiwa kwenye mashine. Hakuusoma mpaka kengele ilipolia. Alipousoma, akapanda ngazi za ofisi ya mishahara mbili mbili, akamwekea Khadeeja simu mezani kwa sababu hakuyaamini macho yake.

"Seven thousand nine hundred and forty," Khadeeja akasoma. "Umekubaliwa. Hongera, dada. Sasa nisikilize: mwakani unaanza mapema, na usiweke tena risiti kwenye foronya. Piga picha siku unayonunua."

"Sawa."

"Na usiniletee wote wa kiwanda wakati mmoja."

"Hilo siahidi," Libérate akasema. Alikuwa amekwisha kuwaambia wanne.

Walihama Jumamosi iliyofuata. Vyumba vilikuwa vidogo kuliko vile vya juu, na harufu ya mafuta ya chipsi iliingia asubuhi na kutoka jioni, mpaka vitabu vya Elysée vikanukia viazi. Dirisha halikutazama farasi, lilitazama mapipa ya taka. Désiré alipigilia ubao mlangoni ili magongo yasiteleze kwenye kizingiti, akaupima kwa kupita yeye mwenyewe mara sita. Jumapili kanisani, mchungaji alipouliza kama kuna mahitaji ya maombi, alisimama akasema binti yake ana ugonjwa wa damu unaoitwa selimundu, na unakula mfupa, na hawaombi uondolewe usiku wa leo, wanaomba daktari wa mifupa awape nafasi ya karibu. Akaketi. Libérate akamsogelea bega kwa bega.

Nafasi waliyopewa ilikuwa ya Februari, si karibu sana. Elysée alizoea magongo haraka kuliko walivyodhani, akaachana na ngazi za shuleni baada ya walimu kuhamishia darasa lake chini na kumruhusu Cathy amchukulie vitabu kwa jina lake. Wiki mbili zilipita nzuri, kisha mvua zikaanza, na baridi ya unyevu ndiyo adui wa damu yake.

Jumatano moja asubuhi Libérate alikuwa amekwisha kuvaa ovaroli, chai iko jikoni, teksi ya Mobeni inaondoka baada ya dakika kumi na tano. Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Elysée alisimama hapo na sketi ya shule, blauzi haijafungwa vifungo, uzito wote kwenye magongo.

"Mama, leo siwezi kwenda shule. Inauma sana. Nyonga, na mgongo, na huku kifuani kidogo."

Hakuna mama anayefurahia habari kama hiyo, na Libérate hakuifurahia. Lakini aliisikia yote, kila kiungo kwa jina lake, na hakuna neno alilolazimika kulitafuta. Akazima jiko. Akamrudisha kitandani, akampa dawa kama zilivyoandikwa, akamfunika, akamwambia wakingoja saa moja bila nafuu wataenda hospitali, na kama kifua kitazidi wataenda sasa hivi. Elysée akaitikia kwa kichwa.

Kisha Libérate akachukua simu, akapiga kiwandani, akamwambia msimamizi wa zamu kwamba leo haji, mtoto wake anaumwa.

Msimamizi akauliza anaumwa nini.

Libérate akavuta kiti, akakaa kando ya kitanda, akamweleza.